Usukani Mpya, Honi Bubu

Mwenye Volkswagen kuukuu, ya zile zilizoundwa kabla ya usukani kutiwa mfuko wa hewa, akiuona usukani wake umepasuka kwa jua la miaka mingi, aghalabu hushikwa na hamu ya kuurudishia ujana wake: huufungua, huzijaza nyufa kwa gundi ya epoksi, huupiga msasa hata ukawa laini kama ganda la yai, kisha huupulizia rangi nyeusi ing'aayo. Siku aurejeshapo mahali pake hufurahi mno, na furaha hiyo hukatika pale abonyezapo honi asisikie kitu.

Wengi hapo huituhumu honi yenyewe, wakanunua nyingine, nayo ikawa bubu vilevile. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma, kwani honi iliyokuwa ikilia jana, wala haikuguswa na mkono wa mtu, haina sababu ya kunyamaza leo. Sharti uchunguzi uanze palipoguswa.

Katika magari ya namna hiyo umeme haupitii usukani kwenda kwenye honi, kama wengi wadhaniavyo. Hutoka kwenye betri, ukapita fyuzi, ukaingia katika honi, na hapo ukangoja, maadamu haujapata njia ya kurudi kwenye bodi ya gari, ambayo mafundi huiita ethi. Kazi ya kitufe ni kuikamilisha njia hiyo: ukikibonyeza, chuma hugusa chuma, na honi ikalia. Sasa rangi, ambayo kwa macho ni pambo, kwa umeme ni ukuta. Utando mwembamba uliorukia kitovu cha usukani, au bangili ya shaba iliyo nyuma yake, au kikalio cha springi ya kitufe, watosha kabisa kuuzuia.

Basi kabla ya kutoa hata senti moja, washa swichi, uchomoe kwenye honi ule waya uendao usukanini, kisha mahali pake uunge kipande kingine cha waya na kukigusisha kwenye chuma kitupu cha bodi. Honi ikilia, umepata ithibati kwamba betri, fyuzi na honi ni salama, na kosa limo baina ya waya ule na kitufe. Isipolia, tazama fyuzi kwanza.

Ukiisha kujua hayo, ondoa waya wa hasi wa betri, fungua usukani, na ukwangue rangi pale tu chuma kinapokutana na chuma, usiharibu kazi yako nzuri pengine. Kadhalika zihesabu washa za plastiki zinazokitenga kitufe na kitovu, kwa kuwa moja ikisahaulika mezani honi italia bila kukoma, nayo ni adha kubwa kuliko ukimya. Na ikiwa honi hulia gari likienda moja kwa moja, ila hunyamaza kwenye kona, dalili hiyo yaelekeza kwenye bangili iliyochafuka upande mmoja.

Volkswagen ina siri nyingine. Nguzo ya usukani huungana na sanduku la gia zake kwa kisahani cha mpira, na mpira haupitishi umeme, ndiyo maana kuna kiwaya kidogo kinachokivuka kisahani hicho. Mtu aliyeuvutavuta usukani kwa nguvu ili uchomoke aweza kukikata asijue, kisha akakwangua rangi mchana kutwa bure.

Kwa magari ya siku hizi yenye mfuko wa hewa sisemi hivyo hata kidogo: mfuko ule hufumuka kwa mripuko, na kuufungua ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Mwisho, kabla hujafunika kitovu, rudisha waya wa betri, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, ukibonyeza kitufe kila robo ya mzunguko. Ikilia kote, kaza nati ya usukani kwa kipimo alichoweka mtengenezaji.