Saratani Inayohama Kutoka Mbwa Hadi Mbwa: Utambuzi na Tiba Yake

Matone ya damu yanayoonekana mahali alipolala mbwa hupuuzwa kwa urahisi. Kwa jike, wenye nyumba hudhani kipindi chake cha joto hakijaisha. Kwa dume, hudhani ni jeraha la ugomvi au maradhi ya njia ya mkojo. Wiki zinapopita, uvimbe mwekundu wenye vinundu kama ua la koliflawa huchomoza sehemu za siri, na kupuuza hugeuka kuwa hofu. Mnyama huonekana kuwa tishio kwa watoto na asiye na tiba. Wengine humfukuza, wengine huomba auawe.

Uamuzi huo huwa na makosa mawili. Ugonjwa anaougua mbwa huyo, ingawa ni saratani kamili, ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri zaidi kwa wanyama. Aidha, mbwa anayefukuzwa haondoki na ugonjwa wake peke yake, bali huwapelekea mbwa wengine wa mtaa. Saratani hii, ambayo inaweza kuitwa saratani ya zinaa ya mbwa na ambayo kwenye kumbukumbu za kliniki huandikwa kwa kifupi TVT, huambukizwa kutoka mnyama hadi mnyama.

Seli zinazohama

Saratani kwa kawaida huanza na kuisha ndani ya mwili mmoja. Seli za mgonjwa huharibika, huzaana bila mpaka, na iwapo hazitadhibitiwa hufa pamoja naye. Zipo saratani zinazochochewa na virusi, kama ile ya mlango wa kizazi kwa wanawake, lakini hata hapo kinachoambukizwa ni kirusi, si saratani yenyewe.

Saratani ya zinaa ya mbwa ina mwenendo tofauti. Kinachohama ni seli hai za saratani. Wakati wa kupandana, utando laini wa sehemu za siri huchubuka. Seli hubanduka kutoka kwenye uvimbe wa mbwa mgonjwa, hujipandikiza kwa mwenzake na kuanza kukua. Mbwa anaponusa au kulamba uvimbe, seli huweza kujipandikiza puani au mdomoni. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hawana dalili yoyote sehemu za siri, bali hutoka damu puani, hupiga chafya mara kwa mara na kupumua kwa shida.

Mwaka 1876, daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, alifanikiwa kupandikiza uvimbe wa aina hii kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Uthibitisho wa kijenetiki ulikuja mwaka 2006, watafiti walipolinganisha uvimbe wa mbwa kutoka nchi mbalimbali. Waligundua kwamba seli za uvimbe hazikufanana na seli za mbwa waliougua, bali zilifanana zenyewe kwa zenyewe, kana kwamba zote zimetoka kwa mnyama mmoja. Seli ya kawaida ya mbwa ina kromosomu 78. Seli ya saratani hii huwa na takribani 57 hadi 59. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba mbwa wa kwanza aliyeanzisha saratani hii aliishi barani Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mwili wake ulioza zamani, lakini seli zake zingali zinaishi katika mbwa wa leo.

Je, binadamu anaweza kuambukizwa? La. Saratani hii haiwapati watu, wala paka. Kumgusa au kumhudumia mbwa mgonjwa hakumpi mtu saratani. Glavu na maji ya sabuni vinahitajika kwa sababu za kawaida za usafi, kama ilivyo kwa jeraha lolote linalotoa damu.

Kioo kimoja na rangi ya Giemsa

Uvimbe wa sehemu za siri haupaswi kupewa jina kwa kutazamwa tu. Jeraha lililooza, uvimbe wa ukuta wa uke unaotokea wakati wa joto, na saratani za aina nyingine huweza kufanana nao. Kinachotofautisha ni seli, na seli za uvimbe huu hupatikana kwa urahisi.

Daktari wa mifugo hugandamiza kioo cha hadubini juu ya uvimbe uliosafishwa, au huchoma uvimbe kwa sindano nyembamba na kupuliza kidogo kilichopatikana juu ya kioo. Kioo hukaushwa, kisha hutiwa rangi. Giemsa, rangi ileile ambayo maabara zetu huitumia kila siku kutafuta vimelea vya malaria, inatosha. Chini ya hadubini huonekana seli za mviringo, zenye kiini kikubwa, na katika maji ya seli hupangika vishimo vidogo vyeupe kama shanga. Vishimo hivyo ndivyo alama ambayo mtaalamu huitafuta. Majibu yanaweza kupatikana siku hiyohiyo. Pale picha inapokuwa na utata, hukatwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe na kupelekwa kwa mwanapatholojia.

Uchunguzi hauishii kwenye kioo. Daktari hupapasa tezi za kinenani, huangalia pua, mdomo, macho na ngozi, na hupima damu ili kujua wingi wa seli nyeupe na hali ya jumla ya mnyama. Saratani hii husambaa mbali mara chache, lakini kwa mbwa dhaifu au aliyecheleweshwa muda mrefu huweza kufika kwenye tezi, ngozi na hata macho.

Sindano moja kwa wiki

Kwa miaka mingi uvimbe huu ulikatwa kwa kisu. Upasuaji unaweza kusaidia uvimbe mdogo ulio mahali pa wazi, lakini mara nyingi ugonjwa hurudi. Seli chache zikibaki kwenye kidonda, au zikipandikizwa na kisu chenyewe, hukua upya.

Tiba iliyobadilisha hali ni dawa ya vinkristini. Hutolewa kwenye mshipa wa vena mara moja kwa wiki, kwa kipimo kinachokokotolewa kutokana na eneo la mwili wa mbwa. Wagonjwa wengi huhitaji sindano 4 hadi 6. Mara nyingi damu hukoma kutoka baada ya sindano ya kwanza au ya pili, na uvimbe husinyaa wiki hadi wiki. Zaidi ya mbwa 9 katika kila 10 hupona kabisa, na hao waliopona huishi maisha yao yaliyobaki bila dawa. Wachache ambao uvimbe wao hausikii vinkristini huweza kupewa doksorubisini, au kutibiwa kwa mionzi pale inapopatikana. Mbwa wazee na wale wenye uvimbe mkubwa huchukua muda mrefu zaidi kupona. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kutosubiri.

Hatari kubwa katika safari hii ni kuikatiza. Mwenye mbwa huona uvimbe umesinyaa na damu imekoma, huona gharama ya sindano iliyobaki, kisha hukaa nyumbani. Seli zilizobaki hukua tena, na mbwa hurejea kuwa chanzo cha maambukizi. Dawa huendelezwa hadi uvimbe usionekane kabisa, na daktari ndiye anayeamua kwamba umekwisha.

Dawa moja, tahadhari zilezile

Wahudumu wa wodi za saratani za watoto wanaifahamu vinkristini vyema. Ni sehemu ya tiba ya saratani ya damu, na pia ya limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Asili yake ni mmea wa vinka wa Madagaska, ambao maua yake ya waridi na meupe hupamba nyua nyingi za pwani. Ukaribu huo usimdanganye mtu. Kupata gramu moja tu ya dawa huhitaji mamia ya kilo za majani makavu, na mmea wenyewe una sumu. Majani yake yaliyochemshwa hayamtibu mbwa wala mtu, yanaweza kumdhuru.

Kwa kuwa dawa ni ileile, tahadhari nazo ni zilezile. Vinkristini huingia kwenye vena tu. Kwa binadamu, ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa huua. Kwa mbwa, tone linalovuja nje ya mshipa huunguza nyama na kuacha kidonda kibaya; kwa hiyo mnyama lazima ashikwe imara, na kanula ihakikiwe kabla ya dawa kupita. Mtayarishaji huvaa glavu, na mama mjamzito au anayenyonyesha haishughulikii dawa hii. Mabaki yake hutupwa kama taka za dawa za saratani, si kwenye jalala la kawaida.

Nyumbani, mkojo, kinyesi na matapishi ya mbwa katika siku chache za kwanza baada ya sindano husafishwa kwa glavu na maji mengi, na watoto huwekwa mbali navyo. Mbwa anaweza kutapika, kukosa hamu ya kula au kufunga choo kwa siku kadhaa. Homa, unyonge mkubwa au kuharisha damu si mambo ya kusubiri. Huenda seli nyeupe zimeshuka na maambukizi yameingia, na mnyama anapaswa kurudishwa kliniki siku hiyohiyo. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kila sindano, na sindano huahirishwa seli nyeupe zinapokuwa chache mno.

Uvimbe mwingine wa mbwa na paka

Si kila saratani ya wanyama hawa ina matumaini kama hayo, lakini kanuni ya kwanza ni ileile: jina la ugonjwa hutangulia kisu na dawa.

Mbwa aliyevimba tezi chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti bila maumivu anaweza kuwa na limfoma. Sindano nyembamba kwenye tezi mara nyingi hutoa jibu. Mchanganyiko wa dawa, vinkristini ikiwamo, humpa mgonjwa wa namna hiyo miezi mingi ya maisha mazuri, ingawa kupona kabisa ni nadra. Mbwa mkubwa wa mwili anayechechemea bila kuumia, na mguu wake ukavimba karibu na kiungo, anahitaji picha ya eksirei, kwa kuwa saratani ya mifupa huanza hivyo.

Uvimbe wa matiti huwapata majike wa aina zote mbili, kwa uzito tofauti. Kwa mbwa, takribani nusu ya uvimbe huo ni saratani. Kwa paka, walio wengi sana ni saratani, na husambaa mapema hadi mapafuni. Kinundu kidogo kama punje ya mahindi kwenye titi la paka kinastahili uchunguzi wiki hiyohiyo. Paka weupe nao wana adui wao, yaani jua. Kigaga kisichopona kwenye ncha ya sikio au puani huweza kuwa mwanzo wa saratani ya ngozi, kwa sababu ileile inayowafanya watu wenye ualbino wahitaji kofia na mafuta ya kinga. Kikigunduliwa mapema, kukata ncha ya sikio kunatosha kuokoa maisha.

Kinga ni ya mtaa mzima

Hakuna chanjo ya saratani ya zinaa ya mbwa. Hata hivyo, katika nchi ambazo mbwa hawazururi ugonjwa huu ni nadra. Nchini Uingereza, ambako zamani ulikuwapo, wagonjwa wanaoonekana siku hizi ni mbwa walioingizwa kutoka nje. Panapokuwa na mbwa wengi wanaorandaranda na kupandana ovyo, seli hupata njia ya kuhama. Kuhasi madume na kufunga kizazi majike hupunguza njia hizo. Kwa majike kuna faida ya ziada: wanaofungwa kizazi mapema hupungukiwa sana na hatari ya saratani ya matiti, mbwa na paka vilevile.

Mhudumu wa afya ya jamii anayeingia nyumba hadi nyumba huulizwa habari za mifugo hata kama si taaluma yake. Akikuta mbwa anayetoka damu sehemu za siri au puani, maneno yanayofaa ni machache. Ugonjwa huu hauwapati watu. Unapimwa kwa kioo kimoja. Unatibika. Mbwa afungwe au azuiwe ndani ya ua asikutane na wenzake, apelekwe kwa daktari wa mifugo wa wilaya au kwenye hospitali ya wanyama, kama zile za vyuo vinavyofundisha taaluma hiyo Morogoro, Nairobi na Kampala, na asitolewe kwenye orodha ya sindano mpaka daktari aseme amepona. Mbwa wa jirani, ambaye hajaugua bado, analindwa kwa hatua hizohizo.