Gari la Baba Lililochekwa na Mtaa Mzima

Chukulia, ndugu msomaji, kwamba wewe ni mwenyeji wa Birmingham, katikati ya Uingereza, na baba yako alifariki dunia mwezi uliopita. Mazishi yamekwisha, wageni wamerudi makwao, na sasa wewe na ndugu zako mmekusanyika kupanga vitu vya marehemu. Nguo zitapewa wahitaji. Vyombo mtagawana. Kisha mnafungua banda lililo nyuma ya nyumba, mnavuta blanketi kuukuu, na hilo hapo: gari Austin Allegro la mwaka 1973, rangi ya haradali, namba yake ikiishia kwa herufi M. Ndani ya kisanduku cha mbele mna daftari la matengenezo lenye mihuri, ramani ya pwani ya Wales iliyochanika mikunjoni, na peremende chache zilizogandamana na karatasi zake.

Mdogo wako anasema liuzwe kwa bei ya chuma chakavu, yaishe. Dada yenu mkubwa hataki kulisikia neno hilo. Nawe, uliyekuwa ukiona haya kushushwa na gari hilo mbele ya lango la shule, unashika kitasa cha mlango na kushindwa kusema lolote.

Kisa hiki nimekitunga, walakini jambo lenyewe halikutungwa. Watu walionunua magari hayo yakiwa mapya katika miaka ya 1970 sasa ni wazee sana, na wengi wao wamekwisha kututoka. Watoto wao ndio wanaoachiwa funguo. Na magari yenyewe hayakuwa ya fahari hata siku moja. Yalichekwa yalipokuwa mapya, yakachekwa yalipozeeka, na mengi mno yakaishia kupondwapondwa. Kwa nini basi yuko mtu anayekesha bandani akilitengeneza mojawapo?

Kwanza hatuna budi kujua yalikotoka. Wasomaji wetu wenye umri wataikumbuka Morris Minor, lile gari dogo la mviringo lililoonekana pia katika miji yetu ya Afrika Mashariki. Lilibuniwa na mhandisi Alec Issigonis, likatoka mwaka 1948, na likawa gari la kwanza la Kiingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Huyo huyo Issigonis akaleta Mini mwaka 1959, na mwaka 1962 likafuata gari la Austin na Morris lililoitwa 1100, ambalo kwa miaka mingi ya 1960 lilinunuliwa na Waingereza kuliko gari jingine lolote. Kwa hiyo waliokuja baadaye walirithi jina kubwa. Mrithi wa jina kubwa hupata taabu, hilo tunalijua hata katika koo zetu.

Mwaka 1968 makampuni mengi ya magari ya Uingereza yaliunganishwa yakawa shirika moja kubwa, British Leyland. Ndani yake walikutanishwa watu waliokuwa wakishindana miaka yote: Austin na Morris, Rover na Jaguar, Triumph na wengineo. Kila mmoja alikuwa na kiwanda chake, wahandisi wake na fahari yake. Fedha za kubuni magari mapya zilikuwa chache, na wakati ulikuwa mfupi zaidi, kwa maana Ford ilikuwa ikiwanyang'anya wateja kwa gari lake la Cortina.

Ndipo likapikwa Morris Marina kwa haraka, likatolewa mwaka 1971 kutoka Cowley, Oxford. Ukiliangalia kwa nje lilikuwa gari la kisasa. Ukichungulia chini ya tumbo lake ungekuta mpango wa springi za mbele uliotokana na ule wa Morris Minor ya mwaka 1948, umri wa miaka zaidi ya 20. Hata milango ya mbele ya gari la milango miwili ilikuwa ile ile ya gari la milango minne, ili kuokoa gharama. Waandishi waliolijaribu mwanzoni walilalamika kwamba ukikata kona kwa kasi gari lilitaka kwenda mbele tu, na kiwanda kikalazimika kurekebisha sehemu za mbele. Hata hivyo watu walilinunua kwa mamia ya maelfu. Lilikuwa rahisi kwa bei na fundi yeyote wa mtaani aliliweza.

Allegro, ndugu yake, ana kisa cha kusikitisha zaidi, na mimi ndiye ninayemwonea huruma. Msanifu wake, Harris Mann, alichora gari jembamba, la chini, lenye pua iliyochongoka. Michoro yake ya awali bado ipo, nayo inapendeza hadi leo. Lakini msanifu hakuachiwa uhuru. Aliambiwa kwamba injini fulani ndefu kwenda juu lazima iingie. Akaambiwa kwamba mtambo wa kupasha joto uliokwisha kutengenezwa kwa ajili ya Marina lazima utumike, nao ulikuwa mkubwa. Boneti ikapanda, mabega yakanenepa, na mwaka 1973 gari lililotoka katika kiwanda cha Longbridge lilikuwa limevimba kama mkate uliozidi hamira.

Juu ya hayo wakalitia usukani wa pembe nne! Ndiyo, msomaji, usukani wa mraba wenye kona zilizolainishwa. Wakubwa walieleza kwamba dereva angeziona saa za mbele vizuri zaidi na magoti yangepata nafasi. Wanunuzi hawakuona maana yake. Kufikia toleo la pili, mwishoni mwa mwaka 1975, usukani wa mviringo ulikuwa umekwisha kurudi kimya kimya. Gari halikupewa hata mlango mpana wa nyuma wa kunyanyua, ingawa umbo lake lilionekana kuuhitaji, kwa sababu shirika hilo hilo lilikuwa na gari jingine, Maxi, lenye mlango huo, na halikutaka ndugu washindane.

Kejeli zikaanza. Ilisemwa kwamba Allegro ingepasua upepo vizuri zaidi ikiendeshwa kinyumenyume. Ilisimuliwa kwamba ukiweka jeki mahali pasipostahili, bodi hujipinda na kioo cha nyuma kikachomoka. Miaka mingi baadaye, kipindi cha televisheni cha Top Gear kilifanya mzaha wa kuliangushia Morris Marina piano kutoka juu, tena si mara moja. Watazamaji walicheka. Wenye magari hayo hawakucheka. Chama chao kilinung'unika kwamba magari yenyewe yamebaki machache, na sasa yanavunjwa kwa kujifurahisha.

LAWAMA ILIMWANGUKIA NANI?

Tumrudie baba yetu wa Birmingham. Tuseme alikuwa mfanyakazi wa Longbridge, kama walivyokuwa maelfu ya akina baba wa upande ule wa mji. Gari lililosimama nje ya nyumba yake lilikuwa kazi ya mikono yake na ya jirani zake. Mtoto aliporudi kutoka shule akisema wenzake wamelicheka gari, alikuwa akimwambia baba kwamba wameicheka kazi yake.

Hapana anayekana kwamba migomo ilikuwa mingi. Magazeti ya Uingereza yalimpa kiongozi mmoja wa wafanyakazi wa Longbridge, Derek Robinson, jina la kebehi, naye alifukuzwa kazi mwezi Novemba 1979. Kwa watu wengi kisa kikaishia hapo: wafanyakazi wavivu, magari mabovu. Mimi naona hesabu hiyo haikamiliki. Yapo magari yaliyotoka kiwandani na kasoro za kuunganishwa vibaya, na mkono ulioyaunganisha una sehemu yake. Lakini hakuna mpiga nyundo aliyechagua mtambo mrefu wa kupasha joto. Hakuna mfunga boliti aliyeamua kwamba springi za 1948 zinatosha kwa 1971, wala aliyeutaka usukani wa mraba. Mambo hayo yaliamuliwa katika vyumba vyenye mazulia. Kisha ikaja bei ya mafuta iliyopaa baada ya Oktoba 1973, ikaja wiki ya siku 3 za kazi mapema mwaka 1974 kwa ajili ya uhaba wa umeme, na mwaka 1975 serikali ikalazimika kulichukua shirika zima lisife.

Kaskazini, huko Scotland, kilikuwapo kisa cha namna hiyo. Kiwanda cha Linwood kilifunguliwa mwaka 1963 ili kuwapa kazi watu wa eneo lililokuwa likipoteza kazi za meli. Hapo liliundwa Hillman Imp, gari dogo lenye injini ya aluminiamu iliyokaa nyuma. Injini ziliyeyushwa na kumiminwa Linwood, zikasafirishwa hadi Coventry kuchongwa, kisha zikarudishwa Linwood kuingizwa garini. Safari ya mamia ya maili kwa kipande cha chuma! Imp ilikoma mwaka 1976, na kiwanda kikafungwa mwaka 1981. Walioondoka na sanduku la vifaa mkononi hawakuwa wale waliopanga safari hiyo.

SAFARI YA PWANI

Lakini nyumbani gari halikuwa habari ya siasa za kiwanda. Kwa jamaa nyingi lilikuwa gari jipya la kwanza walilopata kulimiliki. Asubuhi ya baridi baba alivuta choki, akawasha, akangoja injini itulie, huku mama akikwangua barafu kwenye kioo. Wakati wa joto viti vya plastiki viliwaunguza watoto mapajani. Agosti ilipofika, mizigo ilipangwa kwenye buti, mingine juu, na watoto watatu wakabanwa nyuma kwenda pwani. Mtoto mmoja alitapika kila safari, tena karibu mahali pale pale.

Allegro ilikuwa na jambo moja zuri ambalo wachekaji hawalitaji. Badala ya springi za kawaida ilikuwa na vibuyu vya chuma vyenye gesi na maji maalumu, ubunifu wa mhandisi Alex Moulton. Kibuyu cha mbele kiliunganishwa kwa bomba na cha nyuma cha upande huo huo. Gurudumu la mbele likipanda tuta, maji husukumwa kwenda nyuma, na gari zima likabaki limelala sawa. Aliyelala kiti cha nyuma kwenye safari ya usiku, kichwa juu ya bega la dada yake, anaukumbuka mbembeo ule ingawa hajui jina la mtambo.

Adui mkuu alikuwa kutu. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa barafu, na bodi za miaka ile hazikukingwa vya kutosha. Kutu ilianzia chini ya milango na juu ya magurudumu. Baada ya miaka 10 mkaguzi wa serikali alipoligonga gari kwa chini, nyundo ilipenya. Zilitengenezwa Allegro zaidi ya 600,000 kabla ya kukoma mwaka 1982. Zilizobaki barabarani leo ni chache sana.

Zilizobaki aghalabu zilikuwa mikononi mwa wazee wa aina moja: watu wa kuosha gari kila Jumapili, kulilaza bandani, na kutolitoa mvua ikinyesha ila kwa dharura. Leo yako machama ya kuwasaidia warithi wao, la Allegro na la Marina pia. Na tangu mwaka 2014, kampuni moja ya bima imekuwa ikiandaa tamasha la kiangazi la magari ya kawaida kabisa, ambamo hushindanishwa magari ambayo zamani hakuna aliyegeuka kuyatazama. Watu husimama mbele ya Marina ya kahawia wakisema: baba alikuwa nalo hili. Wengine hutokwa machozi.

Ukiamua kulitunza la baba, ujue unachukua mzigo. Kwa upande wa serikali mambo ni mepesi: gari lililotimiza miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara, na tangu mwaka 2018 halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, ingawa mtu mwenye busara hulipeleka. Petroli ndiyo yenye hila. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya huko ina pombe ya ethano hadi asilimia 10, nayo hula mipira na mabomba ya zamani. Budi ununue ile ya bei ya juu. Vipuri vya injini hupatikana, kwa kuwa injini hizo zilitumika katika magari mengi. Vibuyu vya gesi si rahisi kuvipata vipya, na mafundi wanaojua kuvijaza wanazeeka.

Na usitegemee kupeleka gari likaone lilikozaliwa. Longbridge ilifunga kazi mwaka 2005, maelfu wakakosa ajira, na sehemu kubwa ya uwanja wake sasa ni nyumba na maduka. Pale Cowley, majengo ya Morris yalibomolewa, pakajengwa ofisi. Karibu na hapo magari ya Mini bado yanaundwa, chini ya Wajerumani.

Basi pale bandani, ndugu watatu bado hawajapatana. Dada mkubwa ameketi kiti cha dereva, mikono juu ya usukani wa mraba. Betri imekufa, bila shaka. Mdogo wao, yule wa chuma chakavu, amekwisha kuinama mbele na kufungua boneti, anauliza kama kuna mtu anayejua baba alikuwa akiweka wapi spana zake.