Nguo Nyeupe ya Mhandisi

Ndugu wa Gitega na Muyinga wameuliza mhandisi wa kiwanda cha chipu hufanya nini. Chipu ni kipande cha silikoni kilichomo ndani ya simu. Huunganishwa hata kwa nyuzi za dhahabu, madini yale yale ya Butihinda. Kiwanda cha kazi hiyo kipo Nyeri, Kenya. Katika viwanda vikubwa mashine hazilali. Zikigoma usiku, mhandisi huitwa. Huvaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni. Wengi hudhani inamkinga yeye. La! Inaikinga chipu na vumbi la mwili wake. Asidi na gesi za sumu ni jambo jingine: huko Korea Kusini, Samsung iliwaomba radhi wafanyakazi waliougua mwaka 2018, baada ya madai ya miaka zaidi ya 10.