Deni la kadi na akiba katika banki moja: namna mshahara unaweza kupotea usiku mmoja

Mshahara umeingia siku ya tano jioni. Siku ya posho asubuhi, mwenye akaunti anaenda kununua chakula cha watoto, lakini mashine ya dukani inakataa kadi yake: feza hazitoshi. Hakuna mwizi aliyepita. Banki yake ndiyo imechukua feza hizo, ili kulipa deni la kadi ya mkopo ambalo mteja huyo hakulipa kwa wakati.

Katika Uingereza, inchi ambayo Wakongomani wengi wanaishi na kutuma feza kwa jamaa zao, jambo kama hilo linaweza kutokea bila banki kupita mbele ya mwamuzi. Sheria inaruhusu banki kuondoa deni la mteja kwenye feza ambazo mteja huyohuyo ameweka kwake. Wanasheria wa Kongo wanaita jambo hilo, kwa Kifaransa, compensation.

Ili kuelewa, tuchukue mfano wa sokoni. Umemwachia mama muuza duka dola 20 akutunzie, na wewe una deni lake la dola 15 za mchele na mafuta. Siku unapokuja kuomba feza zako, anakupatia dola 5 na kusema mmemalizana. Banki inafikiri vilevile. Mbele ya sheria, feza ulizoweka banki haziko kwenye bahasha yenye jina lako. Ni deni ambalo banki iko nalo kwako. Ikiwa na wewe uko na deni lake, na siku ya kulipa imepita, inatoa moja kwenye lingine.

Sheria hiyo si ya leo. Katika mwaka wa 1872, katika kesi ya Garnett dhidi ya M'Kewan, mteja mmoja alikuwa na feza katika tawi moja la banki ya London, na deni katika tawi lingine la banki hiyohiyo. Banki iliunganisha akaunti hizo mbili bila kumwambia, na cheki zake zikakataliwa. Alishtaki, lakini mahakama iliipa banki haki.

Lakini banki haina ruhusa ya kufanya yote inayotaka. Deni linapaswa kuwa limefikia siku ya kulipwa, na akaunti zote mbili zinapaswa kuwa za mtu yuleyule, katika banki ileile. Tena, mamlaka inayosimamia mabanki ya Uingereza inaomba yawatendee wateja kwa haki, na kumwachia mtu aliye katika shida kiasi cha kumwezesha kulipa mahitaji ya lazima: chakula, nyumba, kodi.

Uzito wa jambo hili uko katika nafasi ambayo banki inapata mbele ya wadai wengine. Mwenye nyumba, au kampuni ya umeme, akitaka kuchukua feza katika akaunti ya mtu kwa nguvu, anapaswa kwanza kwenda mahakamani. Banki haiendi, kwa sababu feza ziko tayari mkononi mwake. Kwa hiyo deni la kadi, ambalo kwa kawaida linaweza kungoja, linalipwa mbele ya feza ya nyumba, ambayo mtu akikosa kuilipa anaweza kufukuzwa.

Marekani ilichagua njia nyingine. Sheria iliyopitishwa katika mwaka wa 1974 inakataza banki iliyotoa kadi ya mkopo kuchukua akiba ya mteja ili kulipa deni la kadi hiyo. Inaweza kukata feza kama mteja mwenyewe ameandika na kukubali malipo ya kila mwezi, au kama mahakama imeamua. Lakini ulinzi huo ni wa deni la kadi. Mtu aliyekopa feza za kununua gari katika banki yake hapaswi kufikiri kwamba sheria hiyo inamkinga.

Katika Kongo, watu wenye kadi ya mkopo si wengi, lakini jambo lenyewe si geni. Anayekopa mayunite kwenye simu anajua: akinunua mengine, kampuni inakata deni kwanza, kisha inamwachia yanayobaki. Tangu mwaka wa 2011, serikali ilianza kulipa watumishi wake kupitia mabanki. Mwalimu au polisi anayechukua mkopo katika banki inayopokea mshahara wake anaweka deni na chakula chake katika nyumba moja. Na compensation imo pia katika sheria ya Kongo juu ya mikataba, ile ya tarehe 30 Julai 1888.

Kwa sababu hiyo, mbele ya kutia sahihi, ni vizuri kuuliza banki maswali mawili. La kwanza: je, mkataba unasema akaunti zote za mteja zinahesabiwa kuwa akaunti moja? La pili: nikichelewa kulipa, mtakata kiasi gani, na mtanijulisha mbele ya kukata? Maneno hayo mara nyingi yako katika kurasa za nyuma, zile ambazo watu hawasomi. Asiyejua Kifaransa vizuri aombe mtu amfasirie polepole.

Kwa walio Uingereza, mashirika yanayosaidia watu wenye madeni bila malipo yanatoa shauri moja rahisi: mtu anayeona kwamba atashindwa kulipa kadi afungue akaunti katika banki nyingine ambayo hana deni nayo, na mshahara uanze kuingia kule. Waangalie vizuri, kwa sababu majina mawili tofauti barabarani yanaweza kuwa ya banki moja. Mteja anaweza pia kuandikia banki, mbele ya feza kuingia, na kusema kwamba kiasi fulani ni cha kulipia nyumba au chakula.

Na kama feza zimekwisha kuchukuliwa, mteja alalamike kwa banki yenyewe kwanza, akionyesha yale ambayo ameshindwa kulipa. Banki isipomjibu katika majuma 8, au jibu lisipomridhisha, anaweza kupeleka malalamiko kwa msuluhishi wa mambo ya feza, ambaye mteja hamlipi chochote.

Kuhamisha mshahara hakufuti deni. Riba inaendelea kuhesabiwa, na banki inaweza kwenda mahakamani. Lakini mteja anapata nafasi ya kulipa nyumba na chakula kwanza, kisha kupatana na banki juu ya deni linalobaki.