Siku Mbili Lisbon, Katika Njia ya Dhahabu ya Kilwa

Safari fupi ya mjini, yaani ile ambayo mtu huondoka Ijumaa jioni kwenda katika mji mmoja tu na kurejea Jumapili usiku, imezoeleka sana barani Ulaya kwa sababu miji mingi haiko mbali, nauli za ndege za masafa mafupi mara nyingi ni nafuu, na mwenye kibali cha kuishi katika nchi mojawapo ya Eneo la Schengen, ambalo ni kundi la nchi zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti katika mipaka baina yao, huweza kuzitembelea nyingine kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180 bila kuomba viza nyingine. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi kwa kibali Ujerumani, Uholanzi au Uswidi wamo miongoni mwa wenye ruhusa hiyo, ilhali mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayeishi Uingereza, nchi isiyokuwa ndani ya eneo hilo, hulazimika kuomba viza sawasawa na mwenzake aliyeko Dodoma au Nakuru, kulipa ada ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, na kukata bima ya matibabu ya safari yenye thamani isiyopungua euro 30,000. Kwa anayetoka Afrika Mashariki moja kwa moja, siku mbili hazistahili gharama hiyo. Zinafaa pale tu zinapoongezwa kwenye safari ya masomo, ya mkutano au ya kumtembelea ndugu.

Kuifanya safari fupi kama hiyo bila mwenzi hakujawa mazoea ya wengi katika jamii za Waswahili, ambamo safari kwa kawaida huwa na mwenyeji wa kumpokea mgeni na jamaa wa kumsindikiza, lakini kuna faida ambayo kundi haliwezi kuitoa: asiye na wa kumngoja wala wa kumharakisha anaweza kusimama mbele ya kitu kimoja mpaka akielewe. Faida hiyo hupotea msafiri anapobeba orodha ndefu ya vivutio na kuvikimbilia kimoja baada ya kingine, kwa kuwa siku mbili huishia kwenye foleni na picha za simu. Lililo bora ni kuchagua swali moja na kuliacha lenyewe liamue mahali pa kwenda, na mjini Lisbon, mji mkuu wa Ureno, swali linalomhusu msomaji wa Kiswahili kuliko yote ni hili: dhahabu iliyotozwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 16 iliishia wapi?

Sehemu yake moja iko katika Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale yaliyo katika mtaa wa Janelas Verdes, kati ya katikati ya mji na kitongoji cha Belém. Humo kimehifadhiwa chombo kiitwacho Custódia de Belém, ambacho ni chombo cha ibada cha Kikatoliki cha kuonyeshea Ekaristi mbele ya waumini, kilichofuliwa kwa dhahabu na kupambwa kwa rangi za kioo kilichoyeyushwa, na ambacho wanahistoria wanakihusisha na sonara Gil Vicente. Kimo chake hakifikii mita 1, ila kazi iliyomo ni ya kushangaza: mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya kioo, njiwa mweupe ananing'inia juu yao, na sehemu ya chini imezungukwa na maandishi yanayotaja waziwazi kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Ni nadra sana kwa kitu cha hazina ya kifalme kubeba juu ya mwili wake jina la mahali dhahabu yake ilikotwaliwa, na kwa sababu hiyo chombo hiki kinastahili saa nzima ya Jumamosi asubuhi kuliko mnara wowote wa mji huo.

Kodi inayotajwa hapo ni ile iliyolipwa kwa kulazimishwa. Baharia wa Kireno Vasco da Gama, ambaye katika safari yake ya kwanza alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498, alirejea mwaka 1502 akiwa na kundi kubwa la meli za kivita, akatia nanga Kilwa, na kwa kitisho cha mizinga akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kutoa mithkali 1,500 za dhahabu. Mithkali ni kipimo cha kale cha takriban gramu 4 na robo, hivyo mzigo huo ulizidi kilo 6. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nyanda za Zimbabwe ya leo, ikashuka hadi bandari ya Sofala, nayo Kilwa ikatajirika kwa kuisimamia biashara hiyo kwa karne kadhaa, utajiri ambao msafiri Ibn Battuta aliukuta alipofika mwaka 1331. Kodi haikuuokoa mji, kwa kuwa mwezi Julai 1505 kundi jingine la Wareno lililoongozwa na Francisco de Almeida liliushambulia, likaupora, kisha likaendelea hadi Mombasa na kuiteketeza kwa moto.

Kutoka makumbusho hayo, tramu namba 15 humfikisha msafiri Belém, ambako meli za Da Gama ziling'oa nanga mwezi Julai 1497 na ambako Manuel alijenga makao makubwa ya watawa ya Jerónimos kwa sehemu ya ushuru wa bidhaa za Afrika na Asia. Custódia ilitengenezwa kwa ajili ya kanisa la hapo, na chini ya paa lake limelazwa kaburi la Da Gama mwenyewe, likiwa upande mmoja wa mlango na kaburi la mshairi Camões likiwa upande wa pili. Nje, karibu na mto, limesimama sanamu kubwa la mawe liitwalo Padrão dos Descobrimentos, lililojengwa mwaka 1960 wakati wa utawala wa kidikteta wa Salazar kuwatukuza mabaharia, na hilo linatosha kutazamwa kwa dakika chache.

Jumapili inafaa kwa kutembea kwa miguu katikati ya mji, ukianza na mtaa wa Poço dos Negros, ambao jina lake linakumbusha shimo lililochimbwa kwa amri ya Manuel ya mwaka 1515 ili kutupwa humo maiti za Waafrika waliokufa utumwani, baada ya miili yao kuachwa ovyo nje ya mji. Mfalme wa chombo kile cha dhahabu ndiye mfalme wa shimo hili, na miaka kati ya hivyo viwili haifiki kumi. Mtaa ni wa kawaida tu, wenye maduka na migahawa, hivyo asiyejua historia yake huupita bila kugeuka.

Mashariki yake uko uwanja mpana wa Praça do Comércio, unaoelekea mto Tejo, ambapo palikuwa na kasri la mfalme pamoja na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya ng'ambo na kutunza nyaraka zake. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa watu, tetemeko la ardhi liliubomoa mji, mawimbi ya tsunami yakapanda kutoka mtoni, na moto ukaendelea kuwaka kwa siku kadhaa, ukiteketeza kasri na nyaraka nyingi ambazo zingeweza kueleza mengi kuhusu pwani ya Afrika Mashariki. Mitaa iliyonyooka ya Baixa, iliyojengwa baadaye chini ya waziri Marquês de Pombal, ina ndani ya kuta za majengo yake fremu za mbao zilizounganishwa mithili ya kizimba ili jengo liyumbe bila kuanguka, na ni miongoni mwa mifano ya mwanzo barani Ulaya ya ujenzi uliopangwa kustahimili matetemeko.

Aliye peke yake anapaswa kukumbuka machache. Makumbusho na makao ya Jerónimos hufungwa Jumatatu, na kwa kuwa majengo haya ya kale hufanyiwa ukarabati mara kwa mara, ni busara kuhakikisha kwamba yako wazi kabla ya kukata tiketi ya ndege. Mkate na zeituni vinavyowekwa mezani bila kuagizwa hulipiwa, na mteja ana haki ya kuvikataa. Mwislamu atapata samaki kwa wingi, na msikiti mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, hauko mbali na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Praça de Espanha. Wezi wa mifukoni hupenda tramu namba 28 iliyosongamana, kwa hiyo pasipoti ibaki mahali salama na nakala yake iwe kwenye simu. Namba ya dharura ni 112.

Atakayeiona dhahabu hiyo asiache pia kwenda Kilwa Kisiwani, ambako msikiti mkuu na kasri la Husuni Kubwa bado vimesimama kama magofu, na ambako UNESCO imepaorodhesha kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 1981.