Frasila Moja Ni Ratili Ngapi?

Mkulima, zamani majahazi yalipotia nanga katika bandari ya Mji wa Kale, Mombasa, mizani ilikuwa na lugha nyingi. Mwarabu alisema ratl, nasi tukasema ratili. Mwingereza alisema pauni. Wakia, ambazo 16 hufanya ratili moja, ni jamaa ya neno la Kilatini uncia. Ratili na pauni zilikaribiana, watu wakazihesabu kuwa kitu kimoja.

Taabu ilikuwa katika frasila. Wengine waliihesabu ratili 35, wengine 36. Waona ratili moja ni kitu kidogo? Tuseme umepimiwa frasila 35 za mbata, kila moja ratili 36. Umetoa ratili 1,260. Kwa frasila ya ratili 35, mzigo huo huo ni frasila 36. Basi kwa bei ile ile, umepoteza frasila nzima, wala hukuibiwa usiku!

Siku hizi kipimo cha sheria katika Kenya ni kilo, nayo haibadiliki kokote uendako. Ukitajiwa frasila, debe au gunia, uliza kwanza: “Kilo ngapi?” Kisha ndipo mpatane bei.