Dereva, Tafuta Alama Yako

Umewahi kulima kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe? Kama umewahi, waijua siri ya mstari ulionyooka. Mkulima hatazami miguu ya ng'ombe wala udongo unaogeuka. Huchagua mti au kigingi upande wa pili wa shamba, akaelekea hapo hapo. Akitazama chini, mstari hupinda kama nyoka.

Kuendesha gari ni vivyo hivyo. Wanafunzi wengi wa udereva huogopa siku ya mtihani, hasa wanapoambiwa warudi nyuma katikati ya nguzo. Usukani wanaweza kuuzungusha, ila hawajui watazame wapi. Sisi nasi, tulipojifunza, tulinyoosha shingo ili tulione tairi la mbele. Tairi hatukuliona, na nguzo tukaiangusha. Ukiwa kwenye kiti cha dereva, lazima utumie alama.

Tuanze na kiti. Rekebisha kiti na vioo kabla ya kuondoka. Ukikaa juu leo na chini kesho, alama zako zote zitahama.

Ukienda mbele, tazama mbali, katikati ya njia yako. Usitazame pale karibu na boneti. Mikono hufuata macho.

Sasa ukingo wa barabara. Hapa kwetu tunapita kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo ukingo wa kushoto uko mbali na dereva. Mwalimu wako aliegeshe gari sambamba na ukingo, hatua moja ndogo tu kutoka hapo. Kaa kitini. Angalia ukingo unakutana na boneti mahali gani. Kwa wengi ni karibu na katikati ya boneti, wala si pembeni kama unavyodhani. Hiyo ndiyo alama yako. Mwenzako mrefu atakuwa na yake, basi usiazime ya mtu.

Ukirudi nyuma, nenda polepole sana. Katika vioo vya pembeni, linganisha nafasi kati ya gari na nguzo, kulia na kushoto. Nafasi ya kushoto ikipungua, zungusha usukani kidogo kulia, halafu uurudishe. Nyuma ya gari huenda kule unakozungushia usukani, lakini pua yake hutupwa upande mwingine. Ndiyo maana anayetazama nyuma tu huangusha nguzo ya mbele.

Lakini tusidanganyane. Nguzo ya mtihani ikianguka, itasimamishwa tena. Kijijini kuna watoto wanaolikimbilia gari. Mtoto akichuchumaa nyuma ya gari, anaweza asionekane katika kioo hata kimoja. Alama inakuonyesha gari liko wapi, haikuonyeshi nani yuko nyuma yake. Kwa hiyo shuka kwanza, lizunguke gari, tazama mpaka chini. Mweke mtu mzima akuongoze, asimame pembeni unapomwona kiooni. Akipotea machoni, simama hapo hapo.

Basi, chukueni vigingi vinne, mjizoeze uwanjani pamoja na mwalimu. Kisha mjadiliane: hapa kijijini kwenu magari hugeuzia wapi, na watoto huchezea wapi? Kama ni mahali pamoja, mtafanya nini?